Nukta Yangu Kwenye Ramani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la wateja. Nimeng'oa kurasa zilizoandikwa, zilizobaki ni zangu. Mjukuu wangu anasema mtu akiandika hasira yake haimpandi kichwani. Tutaona.

Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nimezijulia kwenye nguo za watu — miaka arobaini nafua na kupiga pasi, kila shati nalishonea kijitambaa chenye jina la mwenyewe, la karani lisije likaenda kwa mwalimu. Kwa hiyo naandika kama ninavyoshona. Polepole, na kwa kubana.

Haya. Mwanangu, kitinda mimba, yuko nchi ya baridi. Ana mke, na mtoto wa kike wa miezi kumi ambaye sijamshika. Wamemfungulia mtoto tovuti. Tovuti yake mwenyewe, mtu hana hata meno manne. Kila siku picha, kila siku kivideo. Unaandika neno la siri, unaingia. Mjukuu wangu mkubwa — mtoto wa binti yangu, naishi naye — kaniwekea leo kwenye simu. Nikamwona mdogo anatambaa kinyumenyume. Anakitaka kijiko kilicho mbele, anazidi kurudi nyuma, anakikasirikia kijiko. Nimelia mpaka nikaunguza ukosi wa shati la mwenye duka la dawa.

Halafu nikashuka chini. Chini ya picha pana ramani ya dunia yenye vinukta. Kila wanakofungulia watu pana kinukta, na namba juu yake. Cha kwetu: tisa. Cha Bibi wa Kule: mia mbili na kumi na nne.

Bibi wa Kule ni mama yake mkwe wangu. Si wa huku, si wa kwenye baridi; yuko nchi ya tatu, mwendo wa basi siku moja na nusu kutoka hapa. Naye mtoto hajamshika. Lakini mia mbili na kumi na nne.

Mchana sikula.

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu kapiga simu. Likizo ni moja tu mwaka huu, mwezi wa nane. Ama waje huku, ama waende Kule. Kote kuwili haiwezekani. Wataamua Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mama, usijali, bado tunafikiria.

Nikamuuliza mnafikiria kwa kupima nini. Akacheka.

Nimemzaa mimi. Akicheka vile ameshaanza kupima. Na kipimo nimekiona kwa macho yangu, kiko chini ya picha, kila mtu anakisoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia.

Karani wa benki kaja kuchukua mashati matano. Nikamwambia toa simu kwanza. Akadhani namwomba namba. Nikamwambia andika hivi, na hivi, na neno la siri ni hili. Ukishamwona mtoto, shati lako hili hapa.

"Bibi, nachelewa kazini."

"Basi andika haraka."

Kaandika. Kamwona. Kasema mtoto anafanana na mimi, nikamwongezea wanga kwenye mikono ya shati. Mpaka jioni nimewapitisha kumi na saba. Kinyozi alitaka kubisha, kwamba aproni ni zake na haoni mtoto wa watu anaingiaje. Nikakunja aproni, nikazirudisha kabatini, nikaendelea na pasi. Kafungua mara tatu.

Mjukuu hayajui haya. Yuko chumbani na kompyuta yake. Na kazi yake ni hizihizi tovuti — kampuni inamlipa akague kama zinafunguka nchi za watu. Mimi kukaguliwa sitaki.

Ijumaa, 7 Machi

Tisini na sita.

Bibi wa Kule mia mbili thelathini na moja. Huyu mwanamke anafanya kazi gani? Ana ukoo wa ukubwa gani? Nimemtengeneza kichwani kwangu: sebule pana, dada zake sita, wapwa, majirani, wote wamezunguka skrini kubwa kama ya baa, wanampigia makofi mjukuu wangu.

Wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi simu wa hapo kona ni mteja wangu, suruali nne kila wiki. Nimemweleza shida. Kasema Bibi, mbona rahisi, kuna namna simu inajifungulia yenyewe, inafunga, inafungua tena, bila mtu kuigusa. Kazipanga simu kumi na mbili mezani kwake, zile za watu zilizokuja kutengenezwa. Na mwalimu naye kachukua neno la siri, kalipeleka chumba kizima cha walimu, maana nina koti lake la harusini.

Saa kumi na moja jioni: mia tano na nne.

Nimempita. Nimempita, nimemwacha huko nyuma anakula vumbi. Nimeimba huku napiga pasi, mjukuu akatoka chumbani kuuliza nani kaoa.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa wa mtoto haufunguki.

Jana mchana ulikuwa mzito, nikadhani ni mtandao. Leo ni ukurasa mweupe na mstari mmoja wa kizungu. Nimeizima simu, nimeiwasha. Nimeipangusa. Nimekwenda kwa fundi simu, kwake pia ni mweupe. Kwa mwenye duka la dawa, mweupe.

Nikampelekea mjukuu. Kasema ngoja, hii ndiyo kazi yangu. Kakaa mezani, mimi nyuma yake na pasi mkononi. Kuna kitu chake cha kazini: unakipa jina la tovuti, kinakwenda kubisha hodi kutoka miji ishirini na nne ya dunia kwa wakati mmoja, kisha kinakuletea majibu. Panapofunguka, kijani. Pasipofunguka, nyekundu.

Kikaanza. Kijani. Kijani. Miji sijawahi kuisikia — kijani. Kisiwa kimoja katikati ya maji matupu, anasema wanakaa watu wachache tu huko na kondoo — kijani! Kondoo wanamwona mjukuu wangu. Kule kwa Bibi wa Kule, kijani kibichi, majani ya masika.

Sisi, nyekundu.

"Labda kimekosea, rudia."

Karudia mara tatu. Ishirini na tatu kijani, moja nyekundu.

"Bibi, tovuti ni nzima. Mtandao wetu nao ni mzima. Tumefungiwa mlango. Kuna aliyesema watu wa nchi hii wasiingie."

"Nani?"

"Bado sijui."

Mimi nimeshajua.

Jumanne, 11 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nimemtumia mwanangu ujumbe wa sauti. Nauandika hapa nilivyousema, ili kesho nisijidanganye kwamba nilisema kwa upole.

Nilisema: "Mwambie mkeo na mama yake nimeelewa. Kama mtoto ni wao peke yao waseme, wasinifungie mlango kimyakimya kama mwizi. Mwambie huyo mama mkwe wako, wakati yeye anakaa sebuleni na ukoo wake, wewe nilikulea mgongoni huku nafua nguo za watu. Ameona nimempita, akakimbilia kufuli. Nendeni Kule. Nendeni tu. Mimi nina pasi zangu."

Nikaachia kidole, ukaenda. Ile sauti ya kwenda. Nikajisikia vizuri muda wa kukunja shuka moja.

Jumatano, 12 Machi

Mungu wangu.

Nipo napiga pasi, mjukuu katoka chumbani, kasimama mlangoni, kakunja mikono. Kaniuliza kwa sauti ile ya mama yake: Bibi, neno la siri la mtoto umempa nani?

Nikasema sijampa mtu.

Kasema kabla ukurasa haujafungwa alikuwa akiinakili ile ramani tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na saa na mahali pa kila aliyefungua. Kutoka tisa hadi mia tano na nne kwa siku nne, na mia nne na kitu zimeingia Jumamosi peke yake. Tena nyingi zimetoka kona moja, hapa mtaani, zikipishana sekunde mbili mbili.

"Sekunde mbili, Bibi. Hakuna binadamu anayempenda mtoto kila baada ya sekunde mbili."

Nikaweka pasi chini. Nikamwambia yote. Karani, kinyozi, koti la harusini, simu kumi na mbili.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Kavuta kiti, kanieleza. Anasema kule tovuti inakokaa kuna mlinzi, si mtu, ni mashine. Kazi yake ni kutazama mlango. Akiona wanaobisha ni wengi kupita kiasi, wametoka sehemu moja, wanabisha bila kupumzika, hana akili ya kuuliza kama ni bibi mwenye wivu. Anadhani wezi wamekuja kuvunja. Anafunga. Hafungi mtaa, mtaa haujui. Anafunga nchi.

Kwa hiyo nimeifungia nchi nzima. Mimi, na pasi ya mkaa.

"Fungua basi," nikamwambia.

"Sina ufunguo. Ufunguo anao Mjomba. Akiambiwa ilivyokuwa, ni kazi ya dakika moja."

"Mwambie ni mtandao."

"Bibi."

"Mwambie ni fundi simu."

"Nitanyamaza, lakini uongo sisemi. Utamwambia wewe."

Kaondoka. Na mwanangu tangu jana hajajibu. Ujumbe ameusikiliza, alama zimeonekana. Hajajibu.

Alhamisi, 13 Machi

Kimya. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Ijumaa, 14 Machi

Simu imeita saa nne asubuhi, namba ya nje, siijui. Nikadhani ni mwanangu yuko kazini. Nikapokea.

"Bibi mwenzangu, habari za huko? Mimi ndiye wa Kule."

Kumbe na yeye anajua nimempa jina hilo. Nilikaa juu ya kapu la nguo.

Sauti yake ni ya mtu mwembamba. Mimi nilimtengeneza mnene. Akaniambia: "Nukta yako imesimama. Tangu Jumamosi jioni iko pale pale, mia tano na nne. Nikasema huyu mama alikuwa anapanda kama maziwa jikoni, sasa amesimama ghafla — kaanguka? Kaugua? Nikamwomba mwanangu namba yako."

Nikasema mimi mzima. Nikasema mtandao. Ndiyo, nimeandika. Nilisema mtandao.

Akasema: "Ule ujumbe wako nilichezewa."

Nilitamani kapu linimeze na soksi zake.

"Sikufunga mimi, mwenzangu. Mimi hata taa ya jikoni ikizima nampigia jirani aje. Nami naye hatusalimiani sana."

Nikamuuliza ukoo wake. Dada zake. Nilitaka kujua watu wangapi wanafungua huko, sijui kwa nini nilitaka kuumia zaidi. Akasema ukoo gani. Alikuwa muuguzi, kastaafu, yuko ghorofa ya nne, magoti yamekataa ngazi. Mume alikwenda zamani. Mtoto ni huyo mmoja. "Zile namba zote ni mimi. Nafungua nikiamka. Nafungua nikiweka chai, na nikimaliza chai. Ukurasa ukigoma naufungua upya nao unahesabu. Halafu nikaona yako inapanda, ishirini, arobaini, mia. Nikasema tazama, yule ana watu. Nilikuonea wivu mpaka nikajionea aibu, mtu mzima mimi."

Mimi! Mtu wa kuonewa wivu!

Kisha akasema, "Basi kwa kuwa huko huoni, nikusimulie?" Na akanisimulia. Jana mtoto amesimama. Kashika mguu wa meza kwa mkono wa kushoto, goti la kulia likatetemeka mara mbili, akasimama kiasi cha mtu kuhesabu hadi sita. Alivaa soksi moja, nyingine alikuwa nayo mdomoni. Alipoanguka hakulia, alitazama kama kuna aliyeona.

Anasimulia kama muuguzi, haachi kitu. Nilimwona mtoto kabisa. Na nikamchukia huyo mwanamke kwa jinsi anavyosimulia vizuri. Mjukuu wangu kasimama mara ya kwanza, nami nimeambiwa na kinywa cha mwingine, kwa sababu ya ubishi wangu mwenyewe, na bado kinywa kile kilikuwa kitamu. Nimemwambia asante. Imetoka kavu kama shati lisilonyunyiziwa maji.

Kabla hajakata akasema, "Wakija kwako mwezi wa nane, nishikie simu karibu na mtoto, nimsikie anavyopumua. Kwenye video hawaweki pumzi."

Kwa hiyo anajua watakuja kwangu? Au ameshakata tamaa mwenyewe? Sikuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Kinyozi kaja na aproni, simu ameshaitoa mfukoni, anataka kumwona mtoto. Kasema amemzoea. Wenzake kwenye saluni wanamuuliza kama ameota meno. Nikampa aproni zake bila neno.

Mjukuu kapita, kaniangalia. Nikamwambia nimesikia. Kasema sijasema kitu. Nikamwambia macho yako yamesema.

Nimemuuliza, hilo basi la siku moja na nusu, lina viti vya mtu mwenye magoti? Kauliza magoti ya nani. Nikamwambia jibu swali.

Lina. Mbele, upande wa dereva.

Jumapili, 16 Machi

Nimeanika magodoro mawili uani tangu asubuhi. Lile zito la sufi na lile jembamba.

Mwanangu kapiga saa nne. Sauti imekunjamana. Kaanza, Mama, kuhusu ule ujumbe — nikamkata. Nikamwambia nyamaza, nikinyamaza mimi sitaweza tena. Nikamwambia yote, kuanzia ukosi niliounguza. Hakuna shati bila mtoto. Koti la harusini. Simu kumi na mbili zinajifungulia zenyewe. Mkeo hakufunga, mama yake hakufunga, nimefunga mimi, niombee msamaha kwao, au niwekee hapo mkeo nimwombe mwenyewe.

Nikasikia kama mtu anakabwa. Anacheka. Kacheka mpaka mtoto huko nyuma akaanza kucheka kwa kuwa baba yake anacheka. Kisha mkwe wangu kachukua simu, naye machozi ya kicheko, anasema, Mama, sisi tumekaa siku tano tunajiuliza tumekukosea nini. Tulidhani kufuli ni kisingizio, humtaki hata kumwona. Hapo alikuwa hacheki tena.

Hilo lilinichoma. Mimi nagombana na ramani, wao wanakosa usingizi.

Mwanangu kaenda kwenye kompyuta yake. Mjukuu katoka na yake, kaiweka mezani, kakituma kile kitu chake kikabishe hodi dunia nzima. Mimi nyuma yake. Kijani. Kijani. Kisiwa cha kondoo, kijani. Kasogeza kiti nione.

"Bibi. Sisi. Kijani."

Nikafungua kwenye simu yangu. Mtoto kasimama, soksi moja mguuni, nyingine mdomoni. Ni vilevile alivyonisimulia yule, hakuongeza, hakupunguza. Nikashuka chini kwenye ramani. Sikutazama nukta yangu kwanza. Nilitazama yake. Mia mbili themanini na nane. Nikiwa bado naitazama, ikawa themanini na tisa.

Yuko pale. Sasa hivi. Kaweka chai.

Simu bado iko hewani, iko mezani kando ya daftari. Mwanangu kaniuliza: "Sasa Mama, tiketi ziko mbele yangu, useme wewe. Tuje kwako au twende Kule?" Nimemwambia asubiri kidogo, naandika. Anasubiri. Mjukuu kanitolea macho, ananionyesha simu kwa kidevu.

Magodoro yanahitaji kugeuzwa, jua limehamia upande wa ukuta. Nimeshaamua jambo moja tu. Lile jembamba ndilo la Bibi wa Kule.